Mafua ya paka wa mitaani: Chakula kwanza, panadol ni sumu

Na Mwandishi Wetu

PAKA wasio na mwenyewe ni sehemu ya maisha ya miji yetu. Wapo katika soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam, wapo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, na hawakosi nyuma ya hoteli na mabucha. Mara kwa mara huonekana mmoja aliyejikunyata pembeni, macho yamegandamana kwa tongotongo, kamasi zikimtoka na chafya zikimwandama.

Wapita njia wengi hudhani paka huyo hana maisha. Wengine, kwa huruma, humpeleka nyumbani na kumpa dawa ile ile wanayompa mtu mwenye mafua. Wote hukosea, na kosa la pili ndilo linaloua haraka zaidi.

Ugonjwa wenyewe

Mafua mengi ya paka husababishwa na virusi vya aina mbili. Vile vya jamii ya hepesi hushambulia zaidi macho na pua, na vya jamii ya kalisi mara nyingi huacha vidonda kwenye ulimi. Bakteria nao huweza kuingia baadaye, kamasi zikawa nzito na za rangi ya njano au kijani.

Dalili huanza kati ya siku 2 na 10 baada ya kuambukizwa. Paka mkubwa mwenye afya hupona kwa siku 7 hadi 10, ingawa wengine hufikisha wiki 3. Walio hatarini zaidi ni watoto wa paka na waliodhoofu.

Njaa ndiyo adui

Paka huchagua chakula kwa kunusa. Pua ikiziba, hata samaki akiwekwa mbele yake hamgusi. Akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta ya mwili hurundikana kwenye ini nalo huweza kushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana kumlisha ni sehemu kubwa ya tiba.

Mtayarishie boksi lenye kitambaa katika chumba chenye joto, mbali na paka wengine, kwa muda usiopungua wiki 2. Safisha macho na pua kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kila jicho na pamba yake.

Kuzibua pua, kaa naye bafuni mlango ukiwa umefungwa na ndoo ya maji ya moto ikitoa mvuke, dakika 10 hadi 15, mara 2 kwa siku. Ndoo iwe mahali asipoweza kuifikia, na mvuke usitiwe dawa ya kuchua yenye kafuri.

Kisha mpe samaki aliyechemshwa bila chumvi wala viungo, aliyetolewa miiba na kupondwa, angali vuguvugu ili harufu ipande. Mpe kidogo kidogo, na maji safi yasikosekane. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Dawa za binadamu

Ini la paka haliwezi kuichuja parasetamoli, ambayo wengi huiita panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Damu hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na miguu huvimba. Ibuprofeni na aspirini nazo ni hatari.

Vitunguu saumu, ambavyo wengi wetu hutumia kutibu mafua, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na vitunguu maji vivyo hivyo.

Aidha, viuavijasumu haviui virusi. Daktari wa mifugo ndiye huamua kama vinahitajika na kwa kipimo gani. Hata vidonge sahihi vina namna yake: doksisaiklini ikikwama kooni huunguza, hivyo kila kidonge kifuatiwe na maji au chakula.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, wa serikali au wa binafsi, asipokula kwa saa 24, akihema kwa mdomo wazi, au jicho likiwa na ukungu. Anayehema kwa shida asilazimishwe kula.

Usalama wa nyumba

Virusi hivi vya paka havimwambukizi binadamu, lakini mikono na nguo zako zaweza kuvifikisha kwa paka mwingine. Vya kalisi huweza kuishi kwenye sakafu na vyombo kwa wiki kadhaa. Osha kwa sabuni, kisha tumia jiki, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, na suuza.

Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Paka wengi waliougua mafua ya hepesi hubaki na virusi maisha yao yote, na chafya huweza kurejea wanaposumbuka. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Haizuii kabisa maambukizi, lakini hupunguza makali.