Daraja la Kilifi na Biashara ya Kivukoni

Anayetoka Mombasa kwenda Malindi siku hizi huvuka hori ya Kilifi kabla hajamaliza sentensi moja. Daraja lina urefu wa mita 420, limepita juu kabisa, na maji yanaonekana chini kati ya magenge ya mawe. Lilikamilika mwaka 1991 kwa mkopo kutoka Japani, kwa hiyo sote tulilipia kupitia kodi, hata asiyewahi kulikanyaga.

Kabla ya hapo kulikuwa na feri kati ya Mnarani na mjini. Basi lilishuka hadi majini, likangoja zamu, na katika kungoja huko ndiko watu wa kwetu walikopata riziki. Korosho za kukaanga, madafu, maembe, samaki: vyote viliuzwa dirishani, pesa mkononi. Abiria hakuwa na haraka kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Hatulilii feri. Hospitali kubwa iko upande wa mjini, na mgonjwa wa Mnarani au Takaungu hana sababu ya kutamani foleni. Daraja lilikuwa haki yetu. Lakini sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tunajua kwamba gharama isiyo na risiti haiandikwi popote. Mkopo uliandikwa. Saruji na chuma viliandikwa. Mama aliyesomesha watoto kwa sinia la korosho hakuandikwa, na siku gari la kwanza lilipopita juu, wateja wake walipita nalo. Wengine walihamia stendi. Wengine waliacha kabisa. Ni wangapi kati yao walioulizwa?

Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa ameshapita 60. Mabaki ya msikiti na makaburi ya Mnarani, ya karne nyingi, yanatunzwa na yana mlinzi, jambo jema. Kivuko cha juzi tu hakina hata kibao.

Ndiyo maana kamati imetenga sehemu ya harambee ya mwaka huu kurekodi sauti za wazee wa pande zote mbili: mabaharia wa feri, makuli, wachuuzi. Pesa zitanunua vinasa sauti viwili na kulipa nauli za vijana watakaozunguka. Mwenye picha ya kivuko, au tiketi ya zamani, aje nayo siku ya mkutano. Tutaipiga nakala na kumrudishia papo hapo.