Ratiba ya Shule na Mishipa ya Moyo

Mwaka 1973, katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, daktari wa moyo Gerald Berenson alianza kuwapima watoto wa shule uzito, shinikizo la damu na lehemu. Utafiti ukaendelea kwa miongo kadhaa. Baadhi ya washiriki walifariki wakiwa bado vijana, wengi wao kwa ajali, na uchunguzi wa miili yao ukaonyesha michirizi ya mafuta ikiwa tayari imetanda ndani ya mishipa. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998, kwa vijana wasio na kihatarishi chochote, kama uzito mkubwa au shinikizo la juu la damu, michirizi hiyo ilifunika wastani wa asilimia 1.3 ya ukuta wa ndani wa mishipa inayolisha moyo. Kwa wenye vihatarishi vitatu au vinne, ilifunika asilimia 11.

Mshtuko wa moyo wa mtu mzima, basi, huweza kuanza kuandaliwa akiwa bado na sare ya shule.

Afrika Mashariki, ugonjwa wa moyo kwa mtoto mara nyingi huhusishwa na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ambayo huweza kuishia kuharibu vali za moyo. Tatizo hilo lingalipo, na halipaswi kusahauliwa. Lakini pembeni yake limeota jingine: upungufu wa mazoezi. Hata Nandi, Kenya, eneo lenye sifa ya wakimbiaji, Robert Ojiambo na wenzake walikuta vijana wa mjini wakiushughulisha mwili kidogo kuliko wenzao wa kijijini.

Ni rahisi kumlaumu kijana kwa uvivu. Shirika la Afya Duniani linataka apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mwaka 2016, asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho. Uvivu wa watu wengi kiasi hicho unahitaji maelezo mengine. Mwanafunzi wa kidato cha nne huamka alfajiri, hukaa darasani hadi alasiri, kisha huingia masomo ya ziada. Mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kumezwa na hisabati. Mapumziko yakifika, kantini ina chipsi, mandazi na soda. Soda ya mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari, zaidi ya nusu ya kikomo cha sukari kinachoshauriwa kwa siku nzima. Hayo yote hupangwa na watu wazima.

Je, shule ikibadilika, moyo hunufaika? Jaribio la CATCH, lililohusisha shule 96 za msingi katika majimbo manne ya Marekani, lilipunguza mafuta kwenye chakula cha mchana kutoka asilimia 38.7 ya nishati hadi 31.9, na watoto wakaongeza mazoezi mazito. Hata hivyo, matokeo ya mwaka 1996 hayakuonyesha tofauti ya lehemu, shinikizo la damu wala uzito. Wapo wanaouona huo kuwa ushahidi kwamba shule haina nguvu. Hoja hiyo ina haraka mno: ugonjwa unaojengeka kwa miongo hauwezi kuhukumiwa kwa miaka mitatu, na ufuatiliaji ulikuta tabia nyingi njema zikidumu hadi darasa la nane. Kinachofuata ni kukilinda kipindi cha michezo kama linavyolindwa somo lenye mtihani, na kukaa na mama lishe wa getini kukubaliana auze nini, bila kumfukuza.