Mitungi ya Michanganyiko ya Gesi zenye Sumu: Vikomo vya Shinikizo Wakati wa Usafirishaji

Uhalali wa kusafirisha mtungi wenye gesi ya sumu iliyogandamizwa hutegemea kwa kiasi kikubwa namba mbili zilizogongwa kwenye bega la mtungi huo. Ya kwanza, inayotanguliwa na herufi PH, ni shinikizo la majaribio, yaani nguvu ambayo mtungi umethibitishwa kuihimili ulipopimwa. Ya pili, inayotanguliwa na herufi PW, ni shinikizo la kazi, yaani kiwango ambacho gesi inaruhusiwa kufikia ndani ya mtungi uliojazwa, katika joto la nyuzi 15 za Selsiasi.

Uhusiano wa namba hizo umewekwa na Kielekezo cha Ufungashaji P200 kilichomo katika Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Usafirishaji wa Bidhaa Hatarishi. Kwa gesi iliyogandamizwa, shinikizo la kazi halipaswi kuzidi theluthi mbili ya shinikizo la majaribio. Aidha, kwa hali yoyote ile, shinikizo la ndani katika joto la nyuzi 65 halipaswi kuzidi shinikizo la majaribio. Mtungi uliopimwa kwa bar 300 hujazwa hadi bar 200. Ukiachwa juani ndani ya lori lililofungwa na joto lake likafika nyuzi 65, shinikizo hupanda, na bado ipo nafasi ya usalama.

Nafasi hiyo ina uzito wa pekee kwa gesi zenye sumu. Mitungi ya gesi nyingine inaweza kuwekewa kifaa cha kupunguza shinikizo, ambacho hufunguka na kutoa gesi nje kabla mtungi haujapasuka. Kwa gesi yenye sumu kali, kifaa hicho kingeokoa mtungi na kuua watu walio karibu. Ndiyo maana P200 inakataza kukiweka kwenye mitungi ya gesi ambazo kipimo chake cha sumu, LC50, ni mililita 200 au chini kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtungi wa namna hiyo hauna pa kupumulia, hivyo kinga yake huanza kwenye ujazaji.

LC50 ni kiwango cha gesi hewani kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio. Namba inapokuwa ndogo, sumu huwa kali zaidi. Gesi huhesabiwa kuwa na sumu, na kuwekwa katika Daraja la 2.3, kipimo hicho kisipozidi 5,000. Kwa mchanganyiko, ikiwa ni kijenzi kimoja tu chenye sumu, LC50 yake hugawanywa kwa sehemu yake katika mchanganyiko. Nitriki oksaidi, kwa mfano, ina LC50 ya 115. Ikiwa ni asilimia 1 ndani ya nitrojeni, mchanganyiko hupata 11,500 na hauingii Daraja la 2.3, ikiwa asilimia 5, hupata 2,300 na unaingia. Kwa hiyo maelezo kwamba mtungi una "nitrojeni iliyochanganywa" hayatoshi kwa msafirishaji. Asilimia lazima zijulikane.

Zipo gesi ambazo kanuni ya theluthi mbili haizitoshi. Florini safi, hata katika mtungi uliopimwa kwa bar 200, haijazwi kupita bar 30; nitriki oksaidi safi huishia bar 33 ingawa mtungi wake hupimwa kwa bar 225. Marekani nayo inabana kaboni monoksaidi: katika mtungi wa chuma cha pua au cha kawaida, kikomo ni pauni 1,000 kwa inchi ya mraba, takriban bar 69, katika nyuzi 21. Kiwango hicho huweza kupandishwa iwapo gesi ni kavu na haina salfa, kwa kuwa unyevu ukikutana na gesi hiyo huweza kusababisha nyufa katika chuma.

Klorini inayotumika kutibu maji haimo katika hesabu hizi, kwani husafirishwa ikiwa kimiminika na hupimwa kwa uzito: kilo 1.25 kwa kila lita ya ujazo wa mtungi. Vikomo vya ujazaji pia havizuii ajali za kuanguka. Tarehe 27 Juni 2022, katika bandari ya Aqaba nchini Jordan, tangi la klorini lilianguka wakati likipakiwa melini, na watu wasiopungua 13 walifariki.

Kwa Tanzania, kemikali za viwandani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Mizigo inayosafirishwa kwa meli hufuata Kanuni za IMDG, ambazo nazo zimebeba masharti ya P200.

Mpokeaji wa mtungi anaweza kukagua mambo kadhaa bila kifaa chochote: lebo ya pembe nne yenye fuvu na mifupa, kofia ya kulinda valvu, namba za PH na PW, na tarehe ya upimaji wa mwisho. Rangi ya mtungi si ushahidi wa kilichomo. Mitungi ya gesi zenye sumu hupimwa upya kila baada ya miaka 5, wakati ile ya nitrojeni huweza kukaa miaka 10. Mtungi uliopitwa na tarehe haujazwi tena, ila unaruhusiwa kusafirishwa kupelekwa kwenye upimaji au kuteketezwa.