Vibati vya Shingoni

Mtu analima bustani yake kando ya barabara ya Kasenga, jembe linagonga kitu. Anaokota kibati kidogo chenye tundu juu na namba zilizogongwa. Wengine humpelekea mnunuzi wa vyuma vikuukuu, naye hukipima pamoja na masufuria yaliyotoboka. Siku hizi wako pia watu wenye mashine za kutafutia vyuma ardhini. Wasomaji wapenzi, kabla ya kukiuza, kitazameni vizuri.

Kazi ya kibati cha askari ni moja: akifa, ajulikane ni nani. Kuelekea mwisho wa vita ya 1914-1918 Wajerumani walikuwa na kibati chenye umbo la yai na mstari wa matundu katikati. Askari akifa kilivunjwa; nusu ikazikwa naye, nusu ikapelekwa ofisini. Basi ukikiokota kikiwa kizima, huenda mwenyewe alikipoteza tu, au alikufa pasipo mtu wa kumwona. Vya Waingereza vya vita ile vingi havikuwa vya chuma, navyo huoza upesi. Mashine haivisikii kabisa. Tazameni na herufi pia. RC kwa Waingereza, na C kwa Wamarekani wa vita ya pili, maana yake Mkatoliki, ili padre ajue amzikeje.

Je, mambo haya yanaihusu Lubumbashi? Yanaihusu sana. Mwezi wa Septemba 1961, mji wetu ulipoitwa bado Elisabethville, askari wa Umoja wa Mataifa walipigana na jeshi la Katanga katika barabara zetu hizi. Patrick Mullins, askari wa Ireland, aliuawa humu mjini, na hata baada ya miaka sitini maiti yake ilikuwa haijaonekana. Mwaka uliotangulia, tarehe 8 Novemba 1960, wenzake tisa walikuwa wameuawa huko Niemba, upande wa Tanganyika. Mmoja wao, Anthony Browne, alipatikana baada ya miaka miwili. Kwa ndugu wa watu kama hao, kibati kimoja chenye kutu chaweza kuwa habari waliyoingoja maisha yao yote.

Lakini namba pasipo kitabu haisemi neno. Katika vita ile ya kwanza, askari wa Katanga walikwenda kuulinda mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, na mizigo ya vita ilibebwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza wapagazi waliandikwa katika kikosi kilichoacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam. Walivikwa vibati vyenye namba. Majina yao yaliandikwa vibaya na makarani, watu wengi wakawa na jina moja, na vita ilipokwisha maelfu hawakulipwa mshahara wao kamwe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka wa 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mimi jambo hili lanisikitisha kuliko kutu yoyote. Namba ilitosha kumhesabu mpagazi asitoroke. Haikutosha kumwandikia kaburi.

Basi mkiokota kibati, msikisugue kwa mchanga, wala msikinyooshe kwa nyundo, kwa maana herufi zitafutika. Kiosheni polepole kwa maji. Nakilini kila alama, hata msiyoifahamu, na kuandika mahali penyewe: mtaa, mti ulio karibu, kina cha shimo. Kisha kipelekeni kwenye Jumba la Makumbusho la Lubumbashi wakitazame. Chuma kizito kilichofanana na chupa au yai kubwa msikiguse hata kidogo. Huenda ni kombora ambalo halijalipuka. Na mkiona mifupa, wekeni jembe chini pale pale, mkamwite mkubwa wa mtaa kabla udongo haujachanganywa.