Mkono wa Damu
SEHEMU YA KWANZA

Miteremko ya Kilimanjaro, Oktoba 1891. Kijana Mabruk alifikishwa mbele ya kitanzi. Alikuwa mtumishi wa Carl Peters, kamishna wa Kaisari wa Ujerumani. Kosa lake? Kuingia usiku katika nyumba ya wanawake ambao bwana mkubwa alijiwekea. Akanyongwa.

Jagodia, msichana aliyekuwa mmoja wa wanawake hao, akatoroka. Alisakwa, akakamatwa, akachapwa viboko. Januari 1892 naye akatundikwa.

Peters ndiye mtu aliyepachikwa jina la Mkono wa Damu. Juni mwaka huohuo Mangi Meli wa Moshi aliwachakaza Wajerumani vitani, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Huko Berlin nako mambo yakafichuka: mwaka 1896 mbunge August Bebel alianika unyama wa Peters bungeni, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi.

Ungedhani yamekwisha. Thubutu!

Hitler alipotwaa madaraka, Peters, aliyekuwa amekwisha kufa, alisafishwa jina. Mwaka 1941 akatengenezewa filamu nzima: Carl Peters. Mwongozaji alikuwa Herbert Selpin, naye nyota Hans Albers akavaa uhusika wa mnyongaji yule kama shujaa. Afrika yenyewe ilitengenezwa studio jijini Prague, na miongoni mwa waliojaza umati wa “wenyeji” walikuwa mateka wa vita Waafrika. Mateka anakataaje?

Pembeni ya Albers alionekana Ramasan, mwongoza njia wa Peters. Mwigizaji wake alikuwa mtoto wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alilitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 akahamia Berlin, akaoa huko, akafundisha Wajerumani Kiswahili chuo kikuu. Sasa alitakiwa amsindikize mnyongaji wa Mabruk na Jagodia, huku mamilioni wakimshangilia bwana huyo.

Kama alidhani sinema itamkinga na utawala wa Hitler, alijidanganya. Machi 1941 filamu ikazinduliwa. Kabla mwaka haujaisha, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamtia mbaroni Husen.

Kwa kosa gani? Na lango la kambi ya mateso ya Sachsenhausen lilipofungwa nyuma yake, je, alitoka?

Msomaji, majina ya Mabruk na Jagodia filamu ile iliyafunika. Wewe yataje, wasimulie wanao.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO