Bakteria katika mkojo wa mjamzito: kwa nini hutibiwa hata pasipo maumivu

Mama mjamzito anaweza kuwa na bakteria wengi katika mkojo wake, naye asihisi homa wala maumivu yoyote. Hali hiyo huwapata wajawazito 2 hadi 10 katika kila 100. Kwa mwanamke asiye na mimba na mwenye afya njema, bakteria hao kwa kawaida huachwa bila dawa. Mjamzito hutibiwa, kwa sababu homoni za ujauzito hulegeza mirija ya mkojo na mji wa mimba huikandamiza. Mkojo hukawia njiani, na bakteria hupata nafasi ya kupanda hadi kwenye figo.

Tafiti za zamani zilikadiria kwamba wasiotibiwa hadi 30 katika 100 waliugua figo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 ulipata chini ya 3 katika 100, lakini miongoni mwa wajawazito wasio na matatizo mengine. Kwa mama wa kijiji cha wavuvi kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, aliye mbali na hospitali, tofauti hiyo si faraja kubwa: figo zikishambuliwa, kwa kawaida hulazimika kulazwa na kupewa dawa kwa sindano, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza mkojo uoteshwe katika maabara. Pasipo uwezo huo, mkojo uliotiwa rangi na kutazamwa kwa darubini hutoa jibu la kuaminika kuliko kijiti cha kuchovya. Mama huacha mkojo wa mwanzo upite, akakinga wa katikati katika chombo safi, na kuufikisha maabara mapema. Katika joto la ufuoni bakteria huongezeka upesi na kupotosha majibu.

Mwongozo huo unataka viuavijasumu vitumiwe kwa siku 7, si dozi moja. Amoksisilini na sefaleksini zimezoeleka kwa wajawazito, ingawa bakteria aina ya E. koli, walio chanzo kikuu, mara nyingi wamekuwa sugu kwa amoksisilini. Nitrofurantoini hutumika pia, ila huepukwa siku za kujifungua zikikaribia, kwani inaweza kuharibu chembe nyekundu za damu za mtoto. Doksisaiklini na siprofloksasini, zinazonunuliwa kirahisi dukani, hazifai kutumiwa na mjamzito bila agizo la daktari.

Anayekojoa damu asidhani moja kwa moja kuwa ni kichocho cha ziwani. Kichocho kinachojulikana katika ufuo wa Burundi hushambulia utumbo na ini, si kibofu.

Baada ya dawa kwisha, mkojo hupimwa tena. Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni humpasa mjamzito kufika hospitali siku hiyo hiyo.