Mswahili: asili, maana na matumizi

Mswahili (wingi: *Waswahili*) ni nomino ya ngeli ya A-WA. Fasili moja haitoshi kwa jina hili, kwa kuwa kila anayelitumia huwa pia ametoa hukumu kuhusu nani ni mwenyeji wa pwani na nani si mwenyeji.

Asili ya neno

Shina limetokana na neno la Kiarabu *sahil*, yaani pwani, ambalo wingi wake ni *sawahil*. Kiishio *-i* huonesha unasibisho, hivyo maana ya awali ni "mtu wa pwani". Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilitumia jina la Sawahil kutaja eneo. Wenyeji wenyewe walizoea kujitaja kwa miji na visiwa vyao: Mwamu, Mpate, Mvita, Mtumbatu. Mombasa walijipanga katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, ambazo kwa pamoja huitwa Thenashara Taifa. Katika muktadha huo, *taifa* ni jumuiya yenye asili na uongozi wake, wala si dola. Mfasiri asilichanganye na maana ya leo.

Maana

1. Mwenyeji wa mwambao ambaye Kiswahili ni lugha na utamaduni aliorithi. Maana hii husikika zaidi nchini Kenya. *Bibi yake ni Mswahili wa Lamu.*
2. Mwafrika yeyote mzungumzaji wa Kiswahili, hasa anapotofautishwa na Mzungu, Mhindi au Mwarabu. Maana hii imeenea Tanzania Bara. *Duka lile zamani lilikuwa la Mhindi, sasa ni la Mswahili.*
3. (mazungumzo) Mtu mjanja, mwenye maneno mengi na ahadi zisizotimia. *Fundi yule Mswahili sana. Kila siku ni njoo kesho.*
4. (Kinshasa) Mtu atokaye mashariki mwa Kongo, kunakozungumzwa Kiswahili, hata kama kwao ni mbali na bahari.

Maneno ya mnyambuliko

*Uswahili* ni utamaduni wa Waswahili, na katika mazungumzo ni tabia itajwayo katika maana ya 3. *Uswahilini* ni mtaa wa watu wa kipato cha chini. Neno hili ni mwenzi wa *uzunguni* na *uhindini*, nalo limehifadhi kumbukumbu ya miji ya kikoloni iliyogawa makazi kwa rangi.

Jina na hadhi

Kupanda na kushuka kwa jina hili kulionekana wazi Zanzibar. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wengi waliotoka utumwani walijiita Waswahili ili wahesabiwe kuwa wenyeji wa pwani. Kadiri jina lilivyozidi kuhusishwa na utumwa, ndivyo wengi walivyolikimbia. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilipungua sana, huku majina mengine, likiwamo Mshirazi, yakishika nafasi yake. Watu walikuwa walewale; kilichobadilika ni jibu lao mbele ya karani. Jina la Washirazi likaingia baadaye katika siasa, kilipoundwa chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957.

Kwa hiyo, swali "Mswahili ni nani?" halijibiwi kwa damu peke yake, wala kwa lugha peke yake. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chao cha 1994 kuhusu utambulisho wa Waswahili, waliukosoa mtazamo wa kikoloni uliowafanya waonekane watu wasio na asili yao barani Afrika.

Angalizo kwa wafasiri na walimu

- Tambua kwanza msemaji ni nani na yuko wapi. "Sisi Waswahili" ya mzee wa Mvita si "sisi Waswahili" ya mkazi wa Tabora.
- Maana ya 3 ni kejeli. Mtu akiitumia kujitania, usiifasiri kama tusi. Akiitumia kumtaja mwenzake, usiilainishe.
- Anayezungumza Kiswahili bila kujiita Mswahili aitwe *mzungumzaji wa Kiswahili*.
- Matini ikimtaja mtu kwa mji wake, kama Mwamu au Mpemba, hifadhi jina hilo. Kuliondoa na kuweka *Mswahili* ni kumpa utambulisho ambao huenda hakuuchagua.